Nesi wa Chamazi na Mapango Saba

Mtaani kwetu Chamazi walimwita Nesi, na mie nilimjua kwa jina hilo hilo kwa miaka kumi na mmoja bila kuhitaji jingine. Nilipoolewa na kuhamia pale alikuwa amekwisha kustaafu. Kati ya nyumba yake na yetu palikuwa na ukuta wa matofali uliokomea kifuani, na hapo ndipo tuliposalimiana kila asubuhi, yeye akimwagilia mchicha wake kwa kopo la rangi, mie nikianika nguo. Nikimwamkia shikamoo, aliitikia marahaba na hapo hapo akauliza jana nilikula nini. Jibu lisipompendeza, jioni lilipita bakuli la kisamvu juu ya ukuta.

Alikuwa mwoga kupita mtu yeyote niliyepata kuishi naye jirani. Nasema hivyo nikijua kwamba wanawake aliowazalisha watanibishia. Kazini, wanasimulia, sauti yake ilisikika tangu getini. Mama mmoja wa mtaa wa pili aliniambia kwamba alipochelewa kliniki kwa wiki tatu, Nesi alimsema mbele ya foleni nzima mpaka akalia. Kisha akamwita chumba cha ndani, akamvua viatu vilivyokuwa vikimbana, akampa ndara zake mwenyewe. Siku hiyo Nesi alirudi nyumbani peku.

Damu haikumtisha. Mtu aliyezimia hakumtisha. Lakini akiwa kwake aliogopa bodaboda, paka, mvua yenye radi, mitungi ya gesi, na watu wanaopiga hodi mara moja tu. Alifunga geti, akalitikisa, akaingia ndani, kisha akatoka kulitikisa tena. Vyeti vyake vyote vilikaa ndani ya mfuko wa nailoni, na mfuko ndani ya ndoo yenye mfuniko, tayari kubebwa nyumba ikishika moto. Siku za mechi, uwanja wa mpira wa hapo mtaani ulipolipuka kwa goli, alishika kifua na kusema, "Yesu wangu," hata kama alikuwa akiisikiliza mechi hiyo hiyo redioni.

Na mtu huyo ndiye aliyekuwa akiingia mapangoni.

Lilikuwa gemu la mkononi la zamani, la kijivu, zito kama kipande cha sabuni ya mche, lenye kioo kidogo kisicho na mwanga wake. Ukitaka kuona kitu ilibidi ukae karibu na dirisha, mgongo kwenye jua. Lilitumia betri nne. Mdogo wake Nesi, anayeishi Kunduchi na kuuza nguo za mitumba, alifungua belo la makoti ya mvua ya watoto akahisi kitu kigumu kwenye mfuko wa koti moja. Alimletea dada yake akidhani ni kipimo cha presha.

Kaseti ya gemu iliyokuwamo ilikuwa imenasa, haitoki, kwa hiyo gemu lilikuwa moja tu. Ukiwasha kilitokea kijitu chenye kofia pana na kapu mgongoni, kimesimama mwanzo wa kijiji, kinakusubiri. Nesi alikiita Mpagazi. Kazi yake, kadiri tulivyoelewa, ilikuwa kuingia mapango saba, na katika kila pango kutoa kengele iliyofichwa. Nasema kadiri tulivyoelewa kwa sababu maandishi yote yalikuwa ya Kijapani. Hilo tulilijua kwa mume wangu, dereva wa lori, aliyezoea kuyaona kwenye vibandiko vya magari yanayotoka huko. Lakini kuyasoma, hakuna aliyeweza.

Nesi hakuona tabu. Alisema miaka yote ya kazi alihudumia watoto wachanga, na hao nao hawasemi. Mzee wa kijijini akimzuia Mpagazi njiani na kumwandikia mistari mitatu, Nesi alimtazama anavyosimama, anageukia upande gani akimaliza, kisha akatoa tafsiri. "Anasema usipite mtoni, kuna kitu." Mara nyingi kilikuwapo. Mara nyingine kilichokuwapo kilikuwa kibanda cha kuuza taa, na Mpagazi alikuwa amezunguka mlima mzima bure.

Mie niliingia katika habari hizi kwa sababu ya tumbo.

Nilikuwa nimepoteza mimba mbili, zote mwezi wa tano, zote bila dalili ya maana. Ya tatu ilipofika miezi mitatu na nusu daktari alinishona mlango wa kizazi, akaniambia nikalale. Si kulala usingizi, kulala kabisa: nisipike, nisifue, nisiiname, niamke kwenda chooni na kuoga tu. Nikaacha kazi yangu ya steshenari, ambako nilikuwa nikichapa na kutoa kopi. Mama yangu alikuwa Songea akimuuguza baba. Mume wangu alikuwa barabarani, Dar na Tunduma, na wiki aliyokuwa nyumbani alitembea kwa ncha za vidole kana kwamba sakafu ingenitikisa. Shemeji yangu mmoja alikuja kupika asubuhi, akaondoka saa sita. Baada ya hapo nilibaki na dari.

Nesi akaanza kuja kila siku baada ya chakula cha mchana. Mara ya kwanza alinipima presha, akakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na dirisha.

"Vipi, unaogopa?"

"Naogopa, Nesi."

"Usiniambie unaogopa. Niambie unaogopa nini."

Nikamwambia. Naogopa kwenda chooni. Naogopa kuitazama nguo yangu ya ndani. Naogopa mtoto akianza kucheza na naogopa asipocheza. Naogopa siku isiyo na maumivu, kwa sababu hata zile mbili zilianza siku za namna hiyo. Alinisikiliza kama muuza duka anayesomewa orodha ya mahitaji, akiitikia kwa kichwa kila kimoja.

"Matano," alisema. "Mie tangu asubuhi nimefika saba." Akatoa lile gemu kwenye mkoba wake wa kazini. "Sogea, jua linaondoka dirishani."

Nilidhani anataka kunichekesha. Mtu mzima, mjane, mama wa Jumuiya kanisani, ameshika kitu cha watoto kwa mikono miwili, ulimi umetoka kidogo pembeni mwa mdomo. Lakini baada ya nusu saa nilijikuta nimejiinua kwa kiwiko. Mpagazi alikuwa ndani ya pango la pili, taa yake inakaribia kuzimika, na mbele yake milango miwili. "Kushoto, Nesi," nilisema. "Unajuaje?" "Sijui. Kushoto tu." Akaenda kushoto. Sakafu ikafunguka, Mpagazi akaanguka, akapiga magoti, zikalia noti tatu za huzuni, akazuka tena mlangoni mwa pango na kapu lake. Nesi alicheka mpaka akafuta macho. Mie moyo ulikuwa unanidunda.

Kesho yake nilimsubiri. Kuanzia saa saba nilikuwa natega sikio kwenye geti.

Nimejiuliza mara nyingi ni nini kilichotushika namna ile, wanawake wawili na kijitu kisichozidi ukubwa wa punje ya mahindi. Sidhani ilikuwa kupitisha muda tu, maana redio ilikuwapo, na simu. Nadhani ni kwa sababu nchi ile ilikuwa na mpango. Mlango ukifungwa, ujue mahali fulani kuna ufunguo. Ukipewa kamba kijijini, ujue mbele kuna korongo. Hakuna kilichowekwa pale cha kukudhihaki. Na hata adui, yule popo mkubwa wa pango la tatu ambaye alinitoa jasho, alikuwa na namna yake: anapaa mara mbili, anatua, anapumzika. Ukimtazama kwa utulivu unamjua. Mie mwili wangu mwenyewe sikuujua. Nilikuwa nimelala nao mchana kutwa, nikiusikiliza, na haukuniambia kitu.

Nesi alichora ramani. Alipostaafu alitoka na bunda la chati za joto za wagonjwa, zile karatasi zenye miraba midogo, ambazo hospitali ilikuwa inazitupa. Mraba mmoja, chumba kimoja cha pango. Pale panapoandikwa jina la mgonjwa aliandika jina la pango, na majina aliyatunga mwenyewe: Pango la Tandika kwa sababu lilikuwa na njia nyingi za kupotea, Pango la Mbezi Beach kwa sababu lilikuwa na maji na nafasi. Juu ya dirisha letu, kwa gundi ya karatasi, ramani zikaanza kupangana. Mume wangu aliporudi safari alizitazama akadhani ni vipimo vyangu. Alikaa kitandani, uso umemshuka, akauliza, "Hii iliyopanda hivi maana yake nini?" Nikamwambia ni ngazi ya kwenda kwa popo.

Asidhani mtu Nesi alikuwa mpole. Alikuwa mbishi, na alipenda kushinda. Mie nikikosea alipiga ulimi. Yeye akikosea, betri zilikuwa zimechoka. Alinikataza kushika gemu presha ikiwa juu, na akalishika yeye na presha yake juu kuliko yangu. Na alikuwa na maneno yake ya kazini ambayo aliyatoa bila kuyatazama, kama mtu anavyotoa chenji. Siku moja neno la namna hiyo lilitugombanisha.

Tulikuwa pango la nne, kwenye ujia ambamo mawe yanaanguka kutoka juu. Mpagazi alikuwa amekufa mara nane au tisa mikononi mwangu. Mimba ilikuwa imeingia mwezi wa tano, wiki ile ile ya wale wawili, na asubuhi hiyo nilikuwa nimehesabu mara tatu mtoto alipocheza, kisha akanyamaza. Noti tatu za huzuni zililia tena. Nikaliweka gemu kifuani.

"Siwezi tena, Nesi."

"Utaweza. Akifa si anaanza tena? Na sasa unajua mawe yanaangukia wapi. Huyu kufa kwake si hasara."

"Wangu hawakuanza tena."

Sikusema kwa sauti kubwa. Nesi alikuwa ameshika penseli juu ya chati. Aliiweka chini, akaikunja ile karatasi, akaikunjua, akasimama. Akaenda zake akaacha kipimo cha presha juu ya kiti. Nilisikia geti letu likifungwa. Hakulitikisa.

Siku iliyofuata hakuja. Wala iliyofuata. Nilisikia kopo lake likimwaga maji upande wa pili wa ukuta asubuhi, nikasikia likikoma. Niliogopa kwamba nimemuumiza mtu mzima aliyenifaa kuliko ndugu, na niliogopa zaidi kwamba nitapatwa na jambo mchana, peke yangu, na yeye yupo hatua ishirini kutoka hapo, hasemi na mie. Nilimwomba shemeji akamwite. Kisha nikamwambia asiende. Gemu lilikuwa kwenye droo na sikulifungua.

Siku ya tatu alikuja saa nne asubuhi, si saa zake. Hakukaa kwenye kiti. Alitandika mkeka akaketi chini, miguu ameinyoosha, mtu wa umri wake, mie niko juu kitandani.

"Nesi, tafadhali, kaa juu."

"Niache. Nimekuja kuomba radhi." Alikuwa anautazama ukuta. "Miaka thelathini na mbili nimewaambia wanawake maneno kama yale. Utapata mwingine. Bado kijana. Mungu anajua. Nilidhani ni dawa. Nilikuwa nayasema huku nafunga shuka niende kitanda kingine. Hakuna hata mmoja aliyewahi kunijibu."

Kuombwa radhi na mtu anayeweza kukuzaa ni jambo zito. Nikasema yameisha.

"Hayajaisha," alisema. "Walikuwa wa kike au wa kiume?"

Hakuna aliyewahi kuniuliza. Mume wangu hakuthubutu, mama yangu alisema tusiwataje. Nikamwambia wa kwanza hawakuniambia, wa pili alikuwa wa kiume, nilimwona, alikuwa na kucha. Nesi alisema, "Haya." Akasema tena, "Haya." Alikaa pale mkekani mpaka adhana ya adhuhuri ikapita, na siku hiyo hatukucheza.

Kesho yake nililitoa gemu kwenye droo mwenyewe. Tulilipita pango la nne, la tano likatuchukua wiki tatu.

Gemu nalo lilikuwa na ugonjwa wake. Ulikuwapo ukurasa wa kusevu, yaani kuliambia likumbuke ulipofika, lakini kumbukumbu yake ilikuwa imezeeka. Mara nyingi ilishika, mara chache haikushika, na isiposhika unakuta kijiji, kapu tupu, kana kwamba hamjawahi kufika popote. Lilikuwa limekwisha kumfanyia Nesi hivyo mara mbili kabla yangu. Kwa hiyo kila alipolizima alifanya ishara ya msalaba, na kila alipoliwasha nilifumba macho mpaka aseme, "Tupo." Neno hilo moja lilinifanya nipumue. Nilifika mahali asubuhi nikiamka, kabla sijajigusa tumbo, nilijisemea hivyo hivyo kimoyomoyo kwa swali: tupo?

Katika wiki ya thelathini na mbili ya mimba Nesi alitoa kengele ya sita. Ilikuwa alasiri, siku ya mechi, barabara imejaa watu wanaoelekea uwanjani. Alikuwa ameliinua gemu juu ili nione Mpagazi akiitikisa kengele, na ndipo nilipohisi maji ya moto mapajani.

"Nesi."

"Ngoja, anaiweka kapuni."

"Nesi, nimelowa."

Aligeuka. Aliweka gemu kitandani likiwa linawaka, akafunua shuka, akatazama. Yalikuwa maji yenye damu. Uso wake haukubadilika hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha.

"Hakuna haraka," alisema. "Lala ubavu wa kushoto." Kisha nikamwona, yule mama anayevuka barabara kwa kushikwa mkono, anakimbia uani peku, nikasikia sauti ambayo wanawake wa kliniki waliniambia inasikika tangu getini: "Bajaji! Wewe! Geuza!"

Njiani alinilaza mapajani mwake. Watu wa mpira walikuwa wamejaa barabarani, wanapiga mavuvuzela. "Kimbiza!" alimwambia dereva, na kwenye shimo la kwanza, "Polepole, unaniulia mtoto!" Dereva akauliza, "Mama, nikimbize au niende polepole?" Nesi akajibu, "Vyote!" Alikuwa ameshika kifundo cha mkono wangu anahesabu mapigo, na midomo yake ilikuwa inasali, na sikuweza kujua hesabu ni ipi na sala ni ipi.

Hospitalini walimzuia mlangoni. Alisema yeye ni nesi, wakamwambia, kwa adabu, bibi subiri kwenye benchi. Nilipotolewa chumba cha upasuaji baadaye nilimkuta hajakaa kwenye benchi. Alikuwa amesimama palepale walipomwacha, miguu imejaa vumbi la Chamazi.

Mtoto alikuwa wa kike, kilo moja na nusu na kitu. Alilia kama paka, na Nesi, mwogopa paka, alilia naye.

Kwa wiki nne nilikaa wodini nikimbeba kifuani, ngozi kwa ngozi, kama wanavyofundisha kwa watoto njiti. Nilipochoka Nesi alinipokea, akafungua vifungo vya blauzi yake bila haya, akamweka mtoto juu ya kifua chake kikavu, akajifunga khanga. Alikuwa hatikisiki. Nilikuwa nikilala dakika kumi, nikishtuka namkuta anamtazama yule mtoto puani, anahesabu pumzi.

Siku ya tano alikuja na uso wa msiba. Nikadhani ni baba yangu Songea.

"Nimeenda kufunga madirisha yenu," alisema. "Tuliliacha linawaka. Betri zimeisha zenyewe. Nimeweka mpya." Akauweka mkoba chini. "Mpagazi yuko kijijini. Kapu tupu."

Nilicheka mpaka mshono ukauma, mara ya kwanza tangu niingie pale. Nesi hakucheka. Kengele sita, alisema. Sita!

Alianza upya. Mwanangu alijifunza kukaa, kisha kutambaa, juu ya mkeka wa Nesi, chini ya dirisha lake, huku bibi huyo akipita mapango aliyoyajua kwa ramani. Mie nilikuwa nimerudi steshenari, nikipata nafasi Jumapili. Na Jumapili moja, nikiwa naosha vyombo, nilisikia ukelele upande wa pili wa ukuta. Nikaruka ukuta na mikono yenye povu.

"Nesi! Kuna nini?"

Alikuwa kwenye ngazi ya nyumba, gemu mapajani. "Limekwisha," alisema.

Nilichungulia. Kengele saba zilikuwa zimetundikwa, Mpagazi amevua kapu lake, ameketi. Maandishi yalikuwa yanapanda polepole kutoka chini kwenda juu, mstari kwa mstari, mengi, bila kukoma.

"Wameandika mambo mengi kweli," Nesi alisema. "Sijui wamesema nini."

Kwa wiki nzima alikuwa mnyonge kama mtu aliyetoka kuzika. Mume wangu akamwonea huruma, akamwambia siku hizi simu inaweza kusoma, unapiga picha ya maandishi na inakutafsiria. Nesi alikataa katakata.

"Ikija kuniambia kwamba yule mzee wa mtoni alikuwa ananitukana miaka yote?"

Baada ya wiki hiyo nikamwona dirishani, ulimi umetoka pembeni. Ameanza tena, kwa makusudi sasa. Nilimuuliza kwa nini, na anajua linavyoisha. Alifikiri.

"Kule woga unakuja kwa zamu," alisema. "Pango moja, woga mmoja. Huku unaingia wote pamoja, haupigi hodi."

Miaka ikaenda. Nikaona analisogeza gemu karibu na pua. Kioo kimechoka, alisema, na kweli kilikuwa kimefifia. Kisha akaanza kumwagilia majani badala ya mchicha. Kisha akatumbukia kwenye mtaro mbele ya geti lake mwenyewe, akavunjika mkono, na mdogo wake akaja kumchukua akakae naye Kunduchi. Aliondoka na ile ndoo ya vyeti ameipakata.

Mwaka huu, baada ya Pasaka, mdogo mtu alinipigia simu. Macho yote mawili yalikuwa na mtoto wa jicho, alisema, siku hizi wanautoa utando huo kwa muda wa kunywa chai, na dada yake amekwepa miadi mitatu. "Njoo umseme wewe. Mie hanisikii."

Nilimkuta barazani, nyuma ya mji wa wavuvi, ambako upepo unaleta harufu ya dagaa wanaokauka. Alikuwa amepungua. Uso alikuwa ameuelekeza mlangoni, si kwangu.

Nilikuwa nimejiandalia hotuba njiani. Sikupata kuitoa.

"Najua ulichofuata," alisema. "Nilikuwa chumba cha upasuaji wa macho miezi minane, ujanani. Unajua hawakulazi usingizi, wanakuacha macho? Unasikia kila kitu. Mgonjwa mmoja alipiga chafya, kisu kiko jichoni." Akajipangusa pua. "Na mie huku vumbi la dagaa, kutwa napiga chafya."

"Ikawaje kwa huyo mgonjwa?"

"Alipona. Lakini mie niliyekuwa nimeshika kichwa chake sijapona."

Nikamwambia nimeaga nyumbani siku mbili na sirudi bila yeye kwenda. Alisema nitakaa Kunduchi mpaka nizeeke. Tukala chakula, tukaongea habari za mwanangu, za nani kahama na nani kajenga, na habari ya macho hatukuirudia. Asubuhi niliamka nikamkuta amekwisha kuoga, amevaa gauni la kanisani, na viatu, cha kulia mguu wa kushoto.

"Twende," alisema, "kabla sijaogopa vizuri."

Kwenye kliniki walimwita mapema kuliko tulivyotarajia. Aliniachia mkoba, akashikwa mkono na nesi kijana wa umri wa kuwa binti yake, akaingia. Dakika ishirini, walisema. Nilikwenda chooni mara tatu. Nilisoma bango la kunawa mikono mpaka nikalikariri. Nyuma ya ule mlango mtu alipiga chafya, nikasimama, mzee aliyekaa pembeni yangu akaniuliza kama kuna tatizo. Kumbe ni mfagizi.

Alitoka na bandeji jicho la kulia, akalalamika kwamba wamemwekea dawa chungu. Usiku huo hakuna aliyemkemea kwa kulalamika, na asubuhi tukarudi wafungue.

Daktari alikuwa kijana, mchangamfu. Akaondoa plasta taratibu, akasafisha, akarudi nyuma hatua mbili, akainua mkono.

"Haya bibi, ngapi hivi?"

Nesi hakumtazama. Jicho lilikuwa jekundu, linatoa machozi, na lilikuwa limenikazia mie niliyesimama karibu na pazia na mkoba wake. Alinitazama kwa muda mrefu kiasi kwamba nikaanza kuogopa hakuna anachokiona.

"Mwanangu," alisema. "Kumbe una mvi."

"Ninazo, Nesi."

"Zimeanza lini?"

"Sijui. Zilikuja tu."

Akanionyesha kwa kidole nisogee. Nikainama, naye akazigusa zile za juu ya sikio, moja moja, kwa ncha ya kidole, huku daktari akisubiri na vidole vyake vitatu hewani.